Mashine Inayosikia Hodi

Mashine ya baba mkwe wangu ilikuwa na tabia moja ambayo hakuna fundi aliyeweza kunieleza. Nikiwa jikoni, inalia. Nikifika mlangoni kwake na kupiga hodi, inanyamaza.

Ilikuwa pii, pii, pii, mlio mkali wa kutoboa masikio. Naacha ugali motoni, nakimbia, nasimama nje ya mlango, nakohoa kidogo, nasema, "Hodi, baba. Shikamoo." Kimya. Halafu inakuja sauti yake nyembamba: "Marahaba, mkamwana. Karibu." Naingia macho yangu yakiwa chini, kama inavyotakiwa. Naona miguu yake. Naona mashine pembeni ya kitanda, inanguruma vizuri, taa yake ya kijani inawaka. Naiba jicho kidogo, naona mpira uko puani kwake. Hakuna kinacholia.

"Kuna nini?" ananiuliza.

"Hakuna, baba," namjibu, maana kweli hakuna. Narudi jikoni nimechanganyikiwa, nakuta ugali umeshika chini ya sufuria.

Mashine yenyewe ni ya oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, kisha inampelekea mgonjwa puani kwa mpira mwembamba. Baba aliponda mawe ya dhahabu Geita alipokuwa kijana, akapata mtaji wa ng'ombe, akarudi kwao Kwimba kuwa mfugaji mwenye heshima zake. Ng'ombe walikuja wakaondoka, lakini vumbi la mawe lilibaki kifuani. Mwaka huu daktari alituambia waziwazi kwamba bila mashine, mchana na usiku, mzee hana muda. Ndipo mume wangu, Kashindye, akawaleta wazazi wake wote wawili kwetu Pasiansi, Mwanza, penye umeme.

Umeme wenyewe ndio huo. Wiki moja kabla ya haya ninayosimulia ulikatika jioni, kwa muda tu wa kuivisha maharage, na kwa muda huo wote nilisikia kupitia ukutani jinsi mtu anavyoitafuta hewa na asiipate. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Uliporudi, kila mtu humu ndani aliapa kimoyomoyo kwamba safari nyingine hautatukuta mikono mitupu. Tatizo ni kwamba kila mtu aliapa peke yake, na hakumwambia mwenzake.

Mimi niliapa kwa njia yangu. Nilikwenda mjini dukani kwa Vasant, anayeuza vifaa vya sola, nikarudi na betri nzito pamoja na inveta, kile kisanduku kinachochukua umeme wa ukutani na kuujaza kwenye betri, ili ukikatika betri iendelee yenyewe. Vasant alinieleza kwa subira, kwa Kiswahili chake cha mtu aliyezaliwa Mwanza: "Mama, hii kitu haina shida. Wewe iache imechomekwa ukutani muda wote. Usiichomoe. Ikijaa, hata umeme ukienda nyinyi mnakula zenu chakula." Nikaifunga sebuleni. Mashine ya baba nikaiunga humo kwa waya mrefu uliopita chini ya mlango wake. Halafu, kwa kuwa matundu yalibaki, nikachomeka na friji, na taa ya sebuleni, na chaja za simu. Friji ilikuwa imejaa samaki, sato waliotoka kwa ndugu zangu, nisingekubali waoze hivi hivi.

Siku hizo hizo ndipo mashine ilipoanza kulia.

Nilimwita fundi Antoni. Alipiga hodi, akaingia, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga. Haikulia hata mara moja mbele yake. "Dada, mashine nzima kabisa hii. Labda umeme ni mdogo," aliniambia. Alipofika getini ikalia. Akarudi mbio, akagonga mlango, ikanyamaza. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akabeba mkoba wake na kuondoka akitikisa kichwa. Nilijua anakwenda kusimulia kwamba kwa akina Kashindye kuna mambo.

Lazima niseme hapa kwamba mimi ni Mkerewe, wa Nansio, mtoto wa watu wa samaki. Nyumbani kwetu mkwe tulimheshimu, lakini akikuchekesha unacheka naye. Kwa Wasukuma nilikoolewa ni habari nyingine. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hampi mkono, haketi chumbani kwake, wala haingii bila kukohoa mlangoni. Niliyakubali hayo yote kwa sababu nilimtaka mtoto wao. Kwa hiyo kumvalisha baba mpira, kumlaza, kumbana kidoleni kile kidude kinachopima hewa ya kwenye damu, zote zilikuwa kazi za mama mkwe, Mama Dorotea. Mimi niliishia kuletewa namba tu, kama matokeo ya mtihani. Na namba zilikuwa zinashuka.

"Leo amepata ngapi, mama?"

"Themanini na kitu," ananijibu, huku akiangalia pembeni.

"Na kitu gani?"

"Kitu kidogo."

Mashine nzima, mpira mzima, umeme upo, na mzee anafifia. Siku nilizoiba jicho niliona midomo yake imeingia rangi ya zambarau. Nilimpigia Kashindye, ambaye anaendesha kenta na wiki hiyo alikuwa Geita, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Wanaume na hilo neno! Nilianza kujishuku mwenyewe. Nilijiuliza kama mlio ule uko kwenye mashine au uko kichwani mwangu. Hata vitu vidogo vilikuwa vinanipotea. Pazia la jikoni lilikuwa limelegea upande mmoja, kamba yake haipo, na nilikuwa nimeitafuta mpaka nimechoka.

Basi ikafika siku yenyewe. Asubuhi redio ilirudia tahadhari ya mvua kubwa na upepo mkali ukanda wote wa ziwa kuanzia mchana. Upande wa ziwani mbingu ilikuwa inanguruma hata kabla sijapiga mswaki. Tahadhari kabla ya hatari, nikajiambia, nikaanza kazi. Nilijaza maji ndoo zote. Nikaweka kiberiti na mishumaa juu ya kabati, na tochi juu ya friji pale ambapo hata kipofu angeiona. Nikachemsha uji wa baba nikaumimina kwenye chupa ya chai ubaki na moto. Kisha nikatoka kuanua nguo na kuweka mawe juu ya bati la banda la kuku.

Niliporudi, tochi haipo.

Sufuria hazipo. Vijiko havipo. Kioo cha sebuleni, ambacho hakijawahi kutoka ukutani tangu tuhamie nyumba hii, kilikuwa kimevishwa kanga. Nilisimama mbele yake kama mjinga, nautafuta uso wangu, nakutana na maua.

"Mama!"

"Niko huku."

Huku kulikuwa chumbani kwangu mimi. Nilimkuta amepiga magoti anazisukumia sufuria zangu chini ya kitanda changu.

"Ladi," aliniambia. Ulimi wa Mama Dorotea ni wa Kwimba, na kwake radi huwa laini kuliko ilivyo. "Ladi inapenda vitu vinavyong'aa. Na wewe vua hiyo blauzi, nyekundu hiyo, unataka kutuua?"

"Na tochi yangu?"

"Si inang'aa?"

"Mama, tochi ni ya gizani!"

"Ndiyo maana sijaitupa. Nimeivalisha soksi."

Nilivua blauzi nikavaa gauni. Kubishana na mama mkwe mwenye hofu ya radi ni kumpigia mbuzi gitaa. Ila nilibaki na kizunguzungu, maana sikujua tena ndani ya nyumba yangu ni kitu gani kiko wapi, na mawingu yalikuwa yanakuja. Nikiwa hapo hapo, pii, pii, pii. Nikakimbia. Nikakohoa. "Hodi, baba, shikamoo." Ikanyamaza.

"Baba," nilisema nikiwa nimeinamia miguu yake, "hii mashine hailii kweli?"

"Inalia?" aliuliza. Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea. "Labda huko kwako, mkamwana."

Nyuma yangu Mama Dorotea aliingia na kufunga mlango, nikawasikia wananong'ona Kisukuma, haraka haraka, kama watoto walioficha kitu. Kisukuma changu ni cha salamu na cha sokoni. Sikuambulia neno.

Mchana Kashindye alipiga simu. Alikuwa njiani kurudi, amefika Busisi, lakini mvua imeshika huko na haoni mbele, ameegesha pembeni pamoja na magari mengine. Alisema mvua ikipungua tu atavuka daraja aje. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake leo hata uji amekataa, simu ikakwaruza ikakata.

Halafu ikafika kwetu. Ziwa lilipotea kwanza, vikafuata vile visiwa vya mawe, kisha mwembe wa jirani, na upepo ukaanza kuvuta bati kana kwamba unalidai deni. Mchana ukawa giza. Radi ilipiga mahali karibu sana, Mama Dorotea akapiga yowe, na umeme ukakatika mtaa mzima.

Kisanduku cha Vasant hakikushtuka. Taa ya sebuleni haikupepesa hata mara moja. Kupitia ukutani nikaisikia mashine ya baba ikiendelea kunguruma, haijakosa hata pumzi moja. Nilijipigia makofi peke yangu sebuleni. Nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Pasiansi.

Pii, pii, pii.

Nilichomoa tochi kwenye soksi nikakimbia. Mlio ukaendelea, radi ikapiga tena, bati likapiga kelele, nikafika mlangoni na sikukohoa. Wala sikusema hodi. Nilisukuma mlango nikaingia na tochi mbele.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu kubwa. Pua yake ilikuwa tupu. Mpira aliushika mkononi, umekunjwa mara mbili, na pale ulipokunjwa umefungwa kamba, ikakazwa. Kamba ya pazia langu la jikoni. Mama Dorotea alikuwa miguuni pake, na ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwake.

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtazama baba mkwe wangu usoni, na yeye akanitazama. Sijui nani kati yetu aliona aibu zaidi. Alivuta shuka akajifunika mpaka kwenye macho.

"Toka, mkamwana," alisema Mama Dorotea. "Hujapiga hodi."

"Sitoki! Mnafanya nini? Baba, unataka kufa?"

"Yaya," alisema chini ya shuka. Hapana. Akatafuta hewa, akapata kidogo. "Naweka... ngitili."

Neno hilo sikuwa nalijua. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba nisichoruhusiwa kusimama, mashine inalia, mvua inapiga, na mtu anayekosa pumzi ananiambia neno nisilolijua. Mama Dorotea ndiye aliyenieleza, kwa kubembeleza, kama mtu anayejitetea barazani kwa wazee.

"Masika, nyasi zikiwa nyingi, mfugaji anatenga sehemu yake. Haichungwi. Hata ng'ombe walie, haichungwi. Hiyo ndiyo ngitili. Kiangazi kikikaza, nyasi zimekwisha kote, ndipo anaifungua, ndama wasife. Akiba haiozi, mkamwana. Sasa huu umeme wenu si mwingi leo, kesho hakuna? Baba yako akasema, ukiwepo tufunge mpira, hewa ijae humo mashineni. Ukienda, tufungue."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipokatika. Mchana anavumilia. Usiku nikiona amezidiwa namfungulia kidogo. Na hodi yako ikija tunafungua haraka, maana tulijua utatukataza. Nyie watu wa samaki hamuweki akiba."

Kumbe mashine ilikuwa inalia kwa sababu ilikuwa imezibwa koo. Kumbe hodi yangu ndiyo iliyokuwa inaizibua. Mimi niliyekuwa nakohoa mlangoni kwa adabu, kila siku, nilikuwa nawapa nafasi ya kunificha. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu makofi, na pale hapakuwa na wa kumpiga.

"Lakini umeme umeshakatika, baba!" nilisema. "Ndio huu umekatika! Mbona bado mmefunga?"

Alishusha shuka kidogo. "Mashine bado inanguruma," alisema. "Kiangazi hakijafika." Akapumzika. "Na namsubiri Kashindye. Nina maneno naye. Maneno... yanataka pumzi."

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. Nikaichukua ile kamba kutoka kwa mama mkwe nikaifungua. Mpira ukafanya *pff*, kwa nguvu, na baba akafumbua macho makubwa, akatabasamu. Alidhani ndiyo hiyo, inakuja, hewa ya siku zote zile. Nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Nikamshika mkono, nikaufungua, nikaweka ncha ya mpira kiganjani mwake.

"Sikiliza na mkono, baba."

Ile pff ilikuwa imeshakwisha. Kilichobaki kilikuwa ni kile kile cha siku zote, kahewa kembamba, kama mtoto anayepuliza uji. Alingoja. Akauhamisha mpira kutoka kiganjani akauweka shavuni, akangoja tena. Nilijua anachokingoja, na nilimwonea huruma.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, baba. Haihifadhi. Inayotoka sasa ni ya sasa hivi."

"Na ya jana?"

"Ya jana haipo. Haikuwepo."

Aliutazama mpira. Uso wake ulikuwa wa mfugaji aliyefungua zizi asubuhi akalikuta tupu. Mama Dorotea alianza kulia, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti. "Nilikuwa naikaza mimi," alisema. "Alikuwa ananiomba nilegeze, naikaza mimi." Baba alinyoosha mguu chini ya shuka akamgusa nao. Nikamvalisha mpira puani kwa mikono yangu mwenyewe, nikaupitisha nyuma ya masikio yake, na hakujifunika tena.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo sebuleni kikalia kitu kingine, mlio mrefu usio na pumziko, *piiiii*, na huu haukuwa wa mashine.

Nilikwenda mbio nikakuta inveta imebakiza taa moja, nyekundu. Betri inakwisha. Sikuelewa. Ilikuwa imejaa jana, na umeme umekatika sasa hivi tu, inakwishaje? Nilizunguka na tochi. Nikafuata waya mnene unaokwenda ukutani, na haukuwa ukutani. Ulikuwa umezungushwa vizuri, umelazwa kwenye kochi na kufunikwa mto, kama mtoto aliyelala.

"Mama, nani amechomoa huu?"

Alikuwa amenifuata. Akaufunika mdomo kwa mkono. "Mimi. Asubuhi iliponguruma. Ladi inaingilia kwenye waya."

Tangu asubuhi, basi. Umeme wa ukutani ulikuwepo siku nzima bure, na sisi tulikuwa tunaila betri: mashine, na friji, na taa, na simu. Ghala ambalo halikuwa ghala tulilifunga kwa kamba, na ghala la kweli tukaliacha wazi tangu alfajiri. Sikumgombeza. Sikuwa na nguvu, na mkono wake ulikuwa bado mdomoni. Nilirudi chumbani, bila hodi tena, nikamweleza baba jinsi mambo yalivyo, maana nilishachoka kuishi katika nyumba ambayo kila mtu anajiandaa kivyake.

"Akiba ipo, baba. Lakini haiko kwenye mashine, iko kwenye betri sebuleni. Na imebaki kidogo sana."

Alinisikiliza. Hewa ilikuwa imeanza kumkolea, macho yamepata uhai. Akauliza swali ambalo mimi, na elimu yangu yote ya redio, sikuwa nimejiuliza.

"Nani mwingine anachunga humo?"

"Friji, baba. Na taa. Na simu."

"Watoe," alisema. "Ngitili ni ya ndama."

Nilikwenda nikaichomoa friji, na sato wangu nikawaaga. Nikachomoa taa. Kabla ya kuchomoa simu nilimpigia Kashindye, na Mungu ni mwema, ikaita.

"Uko wapi?"

"Nimeshavuka, niko njiani. Kuna nini?"

"Baba. Betri inakwisha. Njoo na betri."

"Betri gani?"

"Hata ya gari! Yoyote! Njoo!"

Tukakaa gizani kungoja. Baba alisema tusimwongeleshe, apumue taratibu, kwamba mnyama dhaifu haswagwi mbio. Mama Dorotea alikaa miguuni pake, na mimi nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha baba mkwe, mahali ambapo wenzangu wa Kwimba wakisikia watashika vichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ndani ya mvua niliisikiliza mashine, na ndani ya mashine nilimsikiliza yeye anavyovuta na kutoa. Sikujua kati ya vile vyote kipi kitanyamaza kwanza. Sebuleni inveta ilikuwa imeanza tena kulia, na kila mara ngurumo ya mashine ilikuwa inazama kidogo na kurudi. Niliomba. Sikumbuki niliomba kwa lugha gani.

Kashindye aliingia na maji yanamtiririka, amekumbatia betri ya kenta kifuani kama mkungu wa ndizi, amelitelekeza gari getini na milango wazi. Alipiga magoti mbele ya inveta, mimi nikashika tochi, akaanza kulegeza nati. Alipotoa waya wa kwanza, mashine ilizimika.

Nimewahi kusikia ukimya mwingi, lakini ule ulikuwa na uzito. Kutoka chumbani nikasikia Mama Dorotea akisema, "Vuta, vuta, vuta." Mkono wa Kashindye ulikuwa unateleza kwa maji. Nilimfuta vidole kwa gauni langu. Akabana waya mmoja, akabana wa pili, cheche zikaruka, kisanduku kikafanya *tak*, na mashine ya baba ikaanza tena kunguruma.

Tulikaa hapo sakafuni muda kidogo, tunatazamana kama watu wasiofahamiana. Kisha akainuka, akaenda kwa baba yake, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baba alikuwa ameinuliwa kwa mito. Midomo yake ilikuwa bado na rangi mbaya, lakini alikuwa anapumua bila kuhangaika, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mpira, hauubani, umeulinda tu.

"Mama anasema una maneno na mimi," alisema Kashindye.

Niliinuka nitoke. Maneno ya baba na mwana, tena maneno ambayo mtu ameyafungia pumzi yake siku zote zile, si ya mkamwana kuyasikiliza. Nilikuwa najua, au nilidhani najua, yatahusu ng'ombe waliobaki, na kaburi litakuwa upande gani wa boma.

"Akae," alisema baba.

Nikasimama palepale mlangoni. Akavuta pumzi ndefu ya kwenye mpira, ya kwanza ndefu niliyoisikia tangu wiki ile ianze, akamtazama mwanawe.

"Mkeo," alisema, "asipige hodi tena kwangu."

Kashindye aligeuka akamtazama mama yake. Huko kwao ruhusa ya namna hiyo ina sherehe zake, ina mbuzi wake, ina wazee wa kushuhudia, haitolewi kitandani mtu akiwa na mpira puani. Mama Dorotea alikuwa anajifuta macho kwa kanga ile ile aliyokuwa amekivisha kioo.

"Ndiyo, baba," alisema Kashindye. Alingoja. Mvua ilikuwa imeanza kupungua juu ya bati. "Na mengine?"

Baba alirekebisha mpira puani kwa kidole kimoja, akafumba macho.

"Mengine kesho," alisema.